Mbuzi na kondoo kwenye shamba pori la mikorosho: namna ya kuwatumia bila kuumiza miti

Shamba la mikorosho likikosa palizi misimu miwili tu, katika udongo wa Mtwara na Lindi, linakuwa shamba pori. Mtopetope unachipua kila kona, upupu unapanda hadi kwenye matawi, nyasi zinafika kiunoni, na msimu wa korosho ukifika mwokotaji haoni kilichodondoka. Wengi hufikiria njia ya mkato: fungulia mbuzi ndani, watamaliza wenyewe.

Hawamalizi. Mbuzi hafyeki pori. Kichaka kilichomzidi kimo anakula pembeni tu na katikati kinabaki vilevile, na shina lenye unene wa kidole gumba hawezi kulikata. Kazi anayoiweza ni kurudia, na hapo panga halimfikii. Ukifyeka Januari, wiki tatu baadaye kila kisiki kimetoa machipukizi mengi kuliko uliyoyakata. Mbuzi akiyala kila yanapokaribia goti, kisiki kinaendelea kutumia akiba iliyomo mizizini bila kupata majani ya kuirudisha, na baada ya msimu mmoja au miwili kinakufa. Kwa hiyo panga linatangulia, mbuzi wanafuata, na jembe linamalizia wasichokila. Anayeanza na mbuzi hupoteza msimu.

Maelezo haya ni ya shamba la ekari moja hadi tatu lenye mikorosho iliyokwisha kukua. Kwenye miche na miti iliyo chini ya kimo cha mtu, usiingize mbuzi kabisa, hata kwa kamba, hata kwa saa moja. Atakula kilele, na akimaliza hapo atabandua gome.

Kwanza, kalenda

Mkorosho ndio unaopanga tarehe. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Kuanzia Juni miti hutoa majani mapya na maua, na dawa za ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu) na mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi) huanza kupulizwa. Kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, na mahali pengine hadi Januari, ni kuokota.

Wanyama basi wana nafasi moja kubwa: tangu korosho ya mwisho iokotwe hadi mwisho wa Mei. Bahati nzuri ndicho kipindi ambacho pori linaota kwa kasi kuliko wakati wowote. Juni hadi mwisho wa kuokota wanatoka shambani, na sababu ni tatu.

Ya kwanza ni maua. Majani ya mkorosho yaliyokomaa mbuzi hayapendi sana, lakini majani mapya mororo na mashada ya maua anayafuata, na akisimama kwa miguu ya nyuma anafika mita moja na nusu na zaidi. Matawi ya chini ndiyo mara nyingi yenye mzigo mzuri.

Ya pili ni dawa. Salfa ya unga inayopulizwa, ambayo kawaida ni gramu 250 kwa mti mkubwa kila mzunguko, haibaki yote juu. Nyingi inatua kwenye nyasi. Mnyama anayecheua akila salfa nyingi hudhurika ubongo: anatembea kama kipofu, anaegemeza kichwa kwenye ukuta, anaanguka. Viuatilifu vya maji vya kuua wadudu ni vibaya zaidi. Kama unatumia dawa yenye shaba, kumbuka kondoo hawavumilii shaba: inajikusanya kwenye ini kimyakimya, kisha mnyama anakufa ghafla wiki au miezi baadaye. Na usisahau jirani. Upepo wa asubuhi ukileta unga wake kwako, malisho yako yamepata dawa hata kama wewe hujapuliza.

Ya tatu ni mabibo, yale matunda laini yanayoshika korosho. Mbuzi mwenye njaa akiingia chini ya miti Oktoba atajaza tumbo kwa mabibo yaliyoanza kuchacha, na sukari ile inageuka asidi tumboni. Jioni anasimama amevimba upande wa kushoto, anasaga meno, hali. Isitoshe anatafuna na korosho yenyewe, ambayo ganda lake lina mafuta yanayounguza mdomo. Bibo moja moja la kuokotewa halina neno. Kumwacha ajihudumie ndiyo hatari.

Kufyeka na kupogolea

Fanya mara tu kuokota kukiisha.

Kata kila shina lenye unene wa kidole gumba na zaidi, chini kabisa, kisiki kisizidi upana wa kiganja kutoka ardhini. Kisiki kirefu cha kuchongoka kinatoboa kiwele na kwato, na pia kinachipua juu zaidi ya pale unapotaka. Nyasi laini usihangaike nazo, ziache. Upupu ukate shinani na uushushe mitini kabla haujafanya maganda; mbuzi hula majani yake yakiwa machanga, lakini maganda yakikauka, ile manyoya yake itakutesa wewe na mnyama pamoja.

Pogoa matawi ya chini ya mkorosho yanayoburuza ardhini, hadi kimo cha kama mita moja. Hii ingefanyika hata bila mbuzi, kwa ajili ya kuokota na kupitisha hewa. Usipogoe hadi kimo asichofika mbuzi, maana hapo utakuwa umekata korosho zako mwenyewe.

Matawi yaliyokatwa yakusanye katikati ya mistari, mbali na miti, na uwape mbuzi siku mbili au tatu wale majani yaliyobaki. Ila pitia kwanza kuona umekata nini. Mbono na mbarika ni sumu, hasa mbegu zake, na mbuzi ambaye hagusi mti ukiwa mbichi anaweza kuula ukinyauka kwenye lundo. Yatoe matawi hayo nje ya shamba.

Wanyama gani, wangapi

Mbuzi hula majani ya vichaka, kondoo hula nyasi. Shamba pori lina vyote, kwa hiyo kundi la mchanganyiko linafanya kazi vizuri kuliko la aina moja. Kama pori lako ni vichaka, anza na mbuzi saba na kondoo watatu. Kama ni nyasi na ukoka, geuza hesabu. Chukua wa kienyeji wa kilo 25 hadi 30, majike yasiyo na mimba kubwa au madume yaliyohasiwa. Beberu mzima anakwangua gome la mikorosho kwa pembe, na usiku mmoja wa kazi hiyo unatosha kuumiza mti wa miaka 15.

Mnyama wa ukubwa huo anakula kama kilo moja ya majani makavu kwa siku, sawa na kilo tatu hadi nne mbichi. Ukiwa na wanyama kumi, kipande cha hatua 35 kwa 35 (robo ekari, kwa wanaopima ekari kwa hatua 70 kwa 70) chenye maotea mazito kitawachukua siku saba hadi kumi. Hesabu hii inachukulia kwamba watakula nusu ya kilichopo, na ndivyo inavyotakiwa. Ukiwalazimisha wale kila kitu, watamalizia kwenye magome.

Lakini usiwaache siku kumi mahali pamoja wakati wa mvua. Mayai ya minyoo yaliyo kwenye mavi huanguliwa, na ndani ya siku tano hadi saba viluwiluwi vinakuwa tayari vinapanda kwenye nyasi kusubiri kuliwa. Kwa hiyo gawa ekari vipande vinane badala ya vinne, kila kimoja siku tano. Mzunguko mzima ni siku 40. Katika siku hizo za mapumziko sehemu kubwa ya minyoo inakufa juani bila kumpata mnyama, na maotea yanafika goti tena. Kwa bahati nzuri, siku zinazoua minyoo na siku zinazochosha visiki zinakaribiana.

Kuwazuia wasitoke

Hapa ndipo ugomvi wa vijijini unapoanzia. Shamba la mikorosho mara nyingi limezungukwa na muhogo, mbaazi na mtama wa watu. Kabla ya kuleta hata mbuzi mmoja, ongea na wenye mashamba ya pande zote, na ulizia ofisi ya kijiji sheria ndogo zinasemaje juu ya mifugo. Lindi na Mtwara si mikoa ya wafugaji, na migogoro ya wakulima na mifugo iliyokuja miaka ya karibuni imewafanya watu wawe wepesi kushika panga. Ukileta wanyama kutoka wilaya nyingine, unahitaji kibali cha kusafirisha mifugo.

Njia za kuwazuia ni kama ifuatavyo.

Mchungaji. Kwa wanyama kumi na zaidi ndiyo njia ya uhakika. Asubuhi saa mbili hadi saa tano, jioni saa tisa hadi saa kumi na mbili. Usiwatoe kukiwa na umande mzito: viluwiluwi vya minyoo hupanda juu ya jani kwenye unyevu.

Kamba. Inafaa kwa wanyama watano kushuka chini. Usifunge kamba kwenye mkorosho. Mnyama anazunguka, kamba inasugua gome pande zote, na gome likikatika mduara mzima mti unakufa. Pigilia kigingi katikati ya miti minne. Miti ikiwa imepandwa mita 12 kwa 12, kutoka hapo hadi kila shina ni mita nane na nusu, kwa hiyo kamba ya mita tano haimfikishi kwenye gome. Kamba hiyo inampa eneo la mita za mraba karibu 80. Kwenye pori zito msogeze kila siku mbili, kwenye jepesi kila siku. Weka kiungo kinachozunguka kwenye kigingi au kwenye mkanda wa shingo, la sivyo kamba itajisokota hadi imkabe. Kabla ya kumwacha, tembea mduara mzima: kisiki kimoja kinatosha kunasa kamba, na mbuzi aliyenaswa juani bila maji hamalizi siku. Mbuzi wa kamba pia hawezi kukimbia mbwa wala fisi, kwa hiyo asiachwe peke yake mchana kutwa wala asilale nje.

Wigo wa matawi ya miba. Unazuia vizuri, unachosha kuhamisha. Utumie kwa upande unaopakana na muhogo tu.

Nyavu kuukuu za uvuvi. Pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, zinapatikana kwa urahisi na watu huzungushia bustani. Kwa kondoo wasio na pembe zinafaa. Mbuzi mwenye pembe akinasa anajinyonga.

Maji yawepo kwenye kipande, lita tatu hadi tano kwa kila mnyama kiangazi, pungufu kidogo majani yakiwa mabichi. Chumvi ya jiwe itundikwe chini ya kivuli. Asiyepata chumvi ndiye wa kwanza kutafuna magome.

Wiki ya kwanza

Wanyama wapya wakae kando siku 21 kabla ya kuchanganywa na wengine wa kijijini. Sotoka ya mbuzi na kondoo si hadithi ya mbali huku: Tandahimba na Newala ziliipata miaka ya 2009 na 2010. Muulize afisa mifugo kuhusu chanjo yake, ambayo ikichanjwa vizuri hukaa takriban miaka mitatu, na ile ya homa ya mapafu ya mbuzi. Dawa ya minyoo ipewe kwa uzito uliopimwa, si wa kukisia, kwa sababu mbuzi anayekisiwa karibu kila mara hupewa pungufu, na minyoo inayobaki hai ndiyo inayozoea dawa. Albendazoli usimpe jike lenye mimba ya mwezi wa kwanza.

Kama wanatoka mahali penye magugu usiyokuwa nayo, walishe majani safi siku tatu kabla hawajaingia shambani. Mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa hai na kutoka na mavi, zimeshapata na mbolea.

Siku ya kwanza waingie wameshiba, kwa muda wa saa mbili tu. Ongeza saa kila siku hadi ya tano. Mnyama mwenye njaa hachagui, na asiyechagua ndiye anayekula sumu.

Kuangalia kila siku, na mambo yanayoharibika

Tembea kwenye kipande kila jioni. Machipukizi yaliyokatwa ncha na majani ni dalili nzuri. Gome lililobanduliwa ni dalili kwamba umechelewa kuhamisha. Hamisha jioni hiyohiyo. Jeraha la gome upande mmoja litapona, lisafishe tu kingo kwa kisu kikali.

Mara moja kwa wiki wakati wa mvua, fungua kope la chini la kila mnyama. Utando wa ndani ukiwa mwekundu, yuko salama. Ukiwa wa waridi hafifu, mwangalie tena baada ya siku tatu. Ukiwa mweupe, minyoo inamnyonya damu na anahitaji dawa leo, hata kama anakula na ana nyama. Dawa wape wanaohitaji, si kundi zima kila mwezi. Kama mnyama anakonda, nywele zimesimama, na homa inakuja na kuondoka, na upo upande wa Liwale au Nachingwea karibu na mapori yenye mbung'o, fikiria ndorobo kabla ya minyoo.

Mnyama aliyevimba upande wa kushoto kwa gesi msimamishe, mpe mafuta ya kula kama mililita 100 polepole kwa chupa pembeni mwa mdomo, kichwa kisiinuliwe sana maana mafuta yataingia kwenye mapafu, kisha mtembeze. Asipopungua ndani ya saa moja ita mtaalamu.

Sumu inayoua haraka zaidi huku haimo kwenye pori, imo kwa jirani: majani ya muhogo, hasa yaliyoanza kunyauka, na machipukizi ya mtama yanayotoka baada ya mavuno. Yote yana sianidi. Mnyama anapumua kwa nguvu, anayumbayumba, na anaweza kufa kabla hujafika barabarani kutafuta msaada. Kwa hiyo upande wa muhogo ndio unaostahili wigo, hata kama pande nyingine hazina. Na mabua ya mtama yasilishwe shambani mpaka machipukizi yamekauka kabisa.

Wasichokila

Ndulele watairuka, na kwa kuwa wanakula vilivyo jirani yake, ndulele itapata nafasi ya kutamba. Ing'oe kwa jembe baada ya kila mzunguko kabla haijazaa. Ndago haiondoki kwa kulishwa. Watailamba juu na vitunguu vyake vitabaki ardhini. Chini ya mwavuli wa mkorosho, pale korosho zinapodondokea, utahitaji jembe au reki kabla ya kuokota hata mbuzi wawe wengi kiasi gani. Mavi yao hapo si tatizo kama walitoka Mei, yatakuwa yamekauka na kusagika.

Usidhani pia kwamba shamba lililolishwa haliungui. Nyasi fupi hupunguza ukali wa moto, haziuzuii, na moto wa kiangazi, wa wawindaji wa panya au wa kuandaa mashamba, huruka. Mwishoni mwa Mei, wanyama wakiwa kwenye siku zao za mwisho, wapitishe kwenye ukanda wa mita tano kuzunguka shamba lote, kisha ukwatue kwa jembe ubaki udongo mtupu.

Juni hadi Desemba

Swali ambalo watu husahau kujiuliza kabla ya kununua: wataenda wapi miezi saba? Mwenye minazi mikubwa pwani ana jibu, kwa sababu mnazi uliokwisha kuinua majani yake hauumizwi na mbuzi, na chini yake wanaweza kukaa mwaka mzima ilimradi hakuna miche. Wengine wategemee masalia ya mashamba: majani ya karanga, na maganda na majani ya mbaazi baada ya kupura Agosti na Septemba, ambayo ni chakula kizuri kuliko watu wanavyodhani. Yakusanye na kuyahifadhi kwenye kichanja pakavu. Bandani wape kila mmoja mita moja ya mraba na zaidi, sakafu ya fito iliyoinuliwa, nafasi kati ya fito isizidi sentimita moja na nusu ili mavi yapite na kwato zisinase. Mbolea inayoanguka chini ndiyo ya kupandia miche ya kuziba mapengo, ikishakaa miezi miwili hadi mitatu.

Asiye na minazi wala masalia ya kutosha asinunue. Akubaliane na mwenye mbuzi kijijini awalete Januari na kuwachukua Mei, na waandike mbele ya mjumbe mambo matatu: nani anachunga, nani analipa wakila mazao ya mtu, na nani anabeba hasara mnyama akifa.

Mwaka wa pili maotea hupungua sana. Wanyama kumi waliotosha ekari moja watakuwa wengi kupita kiasi. Bakiza watano, au ongeza ekari. Ukiona mzunguko wa siku 40 unafika na machipukizi hayajapita kifundo cha mguu, ruka kipande hicho.